Aliyeshikia Meza ya Ndimu

Fundi viatu hakuwa mtu wa maneno, hata kabla ya msiba. Mkewe ndiye aliyewasemea wote wawili. Ukimpelekea fundi kiatu ukauliza kitakuwa tayari lini, alimgeukia mkewe, na mkewe akakujibu, "Njoo jioni, baba. Na soksi ufue, maana hapa kilichokufa si kiatu peke yake." Watu wakacheka, fundi akainamia kazi yake. Ndivyo walivyoishi, bega kwa bega, ukutani mwa duka la vitambaa, tangu binti yao akiwa wa mgongoni.

Fundi alikuwa na sanduku lake, chuma cha kugongea, gundi na sindano. Mkewe alikuwa na meza ya ndimu, na mtaa ulimwita Mama Ndimu. Kila asubuhi alizifuta kwa kitambaa, akazipanga mafungu, kila fungu na moja juu, vikonyo vyote vikitazama chini. Alisema kikonyo ni kitovu cha ndimu, na mwenye heshima zake haonyeshi kitovu barabarani. Ndimu iliyoanza kuharibika aliikata katikati, akampa mumewe anawie gundi mikononi. Mafundi viatu wote wa mji ule walinuka gundi. Huyu alinuka ndimu.

Mtaa wenyewe haukuwa na cha kujivunia. Upande mmoja maduka, upande wa pili mtaro, katikati watu. Lakini ulikuwa na neno lake moja, na wauzaji wote waliishi kwa neno hilo. Neno hilo ni "nishikie."

Hakuna mtu anayekaa kutwa nzima bila kuinuka. Kuna choo, kuna swala, kuna mtoto kaanguka shuleni, kuna jino. Ukitaka kuinuka, unamgeukia jirani unamwambia, nishikie. Hungoji hata aitikie. Kuanzia hapo meza yako ni mzigo wake. Atauza kwa bei yako, atagombana na wateja wako, hela ataziweka chini ya kitambaa chako. Na haachi mpaka urudi. Mwanamke mmoja aliyeuza makava ya simu, wakimwita Dada Kava, aliwahi kumshikia muuza mitumba tangu alipolazwa hospitali mpaka alipotoka, na muuza mitumba mwenyewe walikuwa hawasalimiani. Ugomvi ni ugomvi, meza ni meza.

Asubuhi ile Mama Ndimu aliamka na tumbo likimsokota. Alikwenda kazini hivyo hivyo. Akazifuta ndimu, akazipanga, akakaa, akasimama, akakaa tena. Binti yao alipofika na teksi ya kumpeleka hospitali, mama alijifunga kanga yake vizuri kiunoni, akamtazama mumewe.

"Mzee, nishikie," akasema. "Narudi."

Fundi alikuwa na misumari mdomoni. Akaitikia kwa kichwa.

Hakurudi. Walimzika.

Matanga yalipokwisha, fundi alitokea mtaani na sanduku lake begani na gunia la ndimu mgongoni. Akaitandika meza, akafuta, akapanga mafungu, vikonyo chini. Kisha akakaa mahali pake pale pale, pembeni, akaanza kugonga kisigino cha mtu. Wauzaji walitazamana. Wote walijua anafanya nini.

Muuzaji mbaya alikuwa. Mteja akitaka kupunguziwa, fundi alinyamaza tu, na mteja hakujua kama amekataliwa au amekubaliwa.

"Mzee, unauza ndimu kama mtu anayeficha siri," Dada Kava alimwambia. "Sema hata moja basi. Sema 'ndimu.'"

"Wanaziona."

"Hata mimi wananiona, na bado sijaolewa."

Fundi akacheka kidogo puani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

Kwenye pembe ya meza, juu ya msumari, alitundika kitambulisho cha mkewe. Hivyo vitambulisho baraza la mji lilivigawa mama akiwa hai. Kila muuzaji alipigwa picha, akapewa kadi ya kuvaa shingoni, na mbele ya kila mmoja kikachorwa chumba cha rangi nyeupe chini, chenye namba, kama vile wanakaa kuku. Mama Ndimu aliichukia picha yake. Alisema wamempiga kama mtu aliyeiba kuku wenyewe. Sasa fundi akiinua kichwa kutoka kwenye kiatu, picha ile ndiyo iliyokuwa inamtazama.

Kisha ikaja sheria.

Waliitwa ukumbini kutoa maoni. Wauzaji walikaa nyuma kwenye viti vya plastiki, madiwani wakakaa mbele kwenye meza ndefu yenye kitambaa, chupa za maji na sahani za biskuti. Diwani wa kwao fundi alimfahamu vizuri. Wakati wa kampeni alimshonea soli ya kiatu, diwani akashika mikono yake yote miwili akisema, "Mzee wangu, mimi ni wenu." Leo alikuwa na viatu vipya na hakutazama nyuma.

Karani akasoma. Sheria ndogo ya biashara za barabarani. Kila muuzaji abaki ndani ya mistari yake. Kila mwenye kitambulisho auze mwenyewe. Ni kosa kumwachia mwingine biashara au kufanya biashara kwa niaba ya mwingine. Eneo lisilo na mwenyewe litagawiwa upya.

Dada Kava akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, na mtu akibanwa na haja?"

Diwani alikuwa na biskuti mdomoni. Aliitafuna bila haraka. "Aende kabla ya kuja kazini," akasema, na vipande vikamwagika kwenye tai. Meza nzima ya mbele ikacheka. Mmoja akacheka mpaka akapaliwa, akapigwa mgongoni, akanywa maji, akacheka tena.

Fundi alivitazama vile vipande vya biskuti. Diwani alikuwa anaviokota kimoja kimoja kwenye tai na kuvirudisha mdomoni, kwa kidole alichokilamba kwanza. Fundi akaziba mdomo kwa kiganja. Aliwahi kushika viatu vya kila namna, vyenye usaha wa kidonda, vyenye mavi ya mbwa, na hakuwahi kuziba hata pua.

"Maoni yamepokelewa," akasema karani, akafunga jalada.

Hayo ndiyo yalikuwa maoni.

Haikupita muda, afisa biashara akaja mtaani na askari wawili wa baraza. Alikuwa mtu wa manukato. Yalifika kabla yake na kubaki baada yake. Alivaa viatu vyenye ncha, na mdomoni alikuwa na kijiti cha meno ambacho hakukitoa hata akiongea. Wauzaji walimwita Bwana Mistari. Alipita taratibu akitazama chini, kama kuna mstari uliotaka kumtoroka, mpaka akafika kwenye ndimu.

"Mzee. Meza hii ya nani?"

Nyuma ya afisa, Dada Kava alimtolea fundi macho, akajigonga kifua kwa kidole: sema yako, sema yako. Mtu wa mtaa mwingine angesema ni yangu, yakaisha. Lakini fundi alikuwa mtu wa mtaa ule, na kwao anayesema "yangu" kwenye meza anayoshikia ni mwizi.

"Ya mke wangu," akasema. "Namshikia."

"Yuko wapi?"

Fundi akainamia kiatu cha mteja.

"Alifariki, afisa," Dada Kava akamjibia, polepole.

Bwana Mistari akakitoa kijiti, akakitazama nchani kuona kimetoka na nini, akakirudisha. "Marehemu hafanyi biashara," akasema. Askari mmoja akacheka. Afisa akakishika kitambulisho kwenye msumari, akaitazama ile picha, akakiachia. "Mzee, mimi sina ubaya na wewe. Hapa umeshakiri kosa mbele yangu, na mashahidi wapo. Njoo ofisini useme meza ni yako, tubadilishe jina, yaishe. Ila usije kama unavyokaa hapa. Njoo kama mtu mzima."

Akaondoka. Manukato yakabaki juu ya ndimu.

Nyumbani kwa fundi palikuwa chumba kimoja. Kitanda, jiko, sufuria mbili, gunia la ndimu nyuma ya mlango, na kanga ya mama kwenye msumari. Fundi bado alilala upande wake wa ukutani. Ule upande mwingine hakuugusa. Binti yake alikuja na chakula, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

"Baba, nimeyasikia. Nenda kaseme ni yako."

"Si yangu."

"Baba, mama harudi."

"Nimemzika mimi. Najua alipo."

"Sasa?"

Fundi alitafuna, akameza. "Aliniambia nishike. Hakuniambia nichukue."

Binti akainuka. Akaanza kuosha vyombo. Alikuwa anaosha kwa nguvu, sufuria zikilia. Mwishowe akasema akiwa amempa mgongo, "Basi nenda ukawaambie hivyo hivyo. Ofisini. Labda kuna mtu mmoja mwenye mama."

Kwa ajili ya binti, fundi akaenda.

Korido ya ofisi za baraza ilikuwa nusu ya njia, maana nusu nyingine ilijaa vitu walivyonyang'anywa watu. Matenga, miavuli, ndala zilizofungwa kwa kamba, mikungu ya ndizi imekuwa myeusi, inatiririka, na nzi juu yake kama nguo. Harufu yake ilikuwa tamu na mbaya. Mhudumu wa mlangoni alikuwa anamenya chungwa. Gunia la machungwa lilikuwa miguuni kwake, na lile gunia fundi alilijua. Lilikuwa la mama mmoja wa mtaa wa pili aliyekamatwa juzi akilia. Mhudumu akamega chungwa, akampa fundi kipande.

"Karibu, mzee."

"Sitaki."

"Tamu hili."

"Najua la nani."

Mhudumu akakirudisha kipande mdomoni kwake, akatema mbegu juu ya zile ndala. "Ingia ndani," akasema.

Bwana Mistari alimkalisha, akamsikiliza. Fundi hakuwa amesema maneno mengi vile kwa mpigo mmoja maishani mwake. Alisema habari ya neno la mtaa. Alisema mkewe aliinuka na kusema anarudi. Alisema hataki eneo, hataki jina, anataka kujua tu: mtu akifa, aliyemshikia anashika mpaka lini.

Afisa akasugua jino kwa kijiti. "Mzee, sheria haina kitu hicho."

"Iwekwe."

"Iwekwe." Afisa akatabasamu. Kisha akavuta droo ya meza yake, akaiacha wazi, akageuka kutazama dirishani. Droo ilibaki imeachama kama mdomo wa mgonjwa mbele ya daktari. Fundi aliitazama ndani. Mlikuwa na kalamu, bahasha, na kipande cha keki kimeliwa nusu, sisimizi wamekizunguka.

Akasimama. Akatoka. Nje ya geti alitema mate mpaka mdomo ukamkauka.

Lori lilikuja siku mvua ilipokuwa imenyesha na mtaro umejaa. Askari waliruka kabla halijasimama. Hawakuuliza meza ya nani, waliijua. Wawili wakaishika miguu, wakaiinua na ndimu zake juu, zikamwagika. Ziliporomoka barabarani, zikaingia mtaroni, zikaelea katika yale maji meusi pamoja na mifuko na vitambaa vya watoto. Moja ilisimama kando ya buti la askari. Askari akaipondaponda bila hata kutazama chini, kama mtu anayezima sigara.

Buti lile fundi alilijua. Soli aliishona yeye, mshono wa mara mbili, uzi wa nta, kabla ya masika. Ulikuwa bado imara.

Harufu ya ndimu ikapanda ikachanganyika na ya mtaro. Watu waliokuwa wanapita waliziba pua, na fundi alisimama pale, hajui avute pumzi au asivute. Askari akanyofoa kitambulisho kwenye msumari, akakirusha ndani ya lori juu ya nyanya zilizooza. Dada Kava alimshika fundi mkono. Hakumshika kumzuia. Mzee hakuwa na pa kwenda, Dada Kava alimshika tu.

"Nimeshindwa kushika," fundi akasema.

"Hapana, mzee. Umeporwa. Si kitu kimoja."

Jioni hiyo alinawa gundi kwa sabuni. Haikutoka yote.

Chumba cheupe cha Mama Ndimu kilikaa wazi kwa muda, na namba yake chini. Fundi aliendelea kuja. Alikaa mahali pake, akishona, kushoto kwake pakiwa patupu. Wateja wakiuliza kiatu kitakuwa tayari lini, bado aligeuka kwanza, kisha akajibu mwenyewe.

Ndipo likaja friji. Liliteremshwa kwenye lori lile lile, na askari wale wale, safari hii kwa adabu, wakiambiana taratibu, taratibu, upande huo. Friji kubwa la soda, na mwavuli wake mpya. Likawekwa juu ya ile namba. Mtaa haukuhitaji kuambiwa ni la nani. Mke wa Bwana Mistari alishuka kwenye gari dogo, akalizunguka friji akilipangusa vumbi, akamwonyesha fundi kwa kidevu akimwambia askari, "Na huyu mzee na maviatu yake, ananuka. Hawezi kusogezwa?"

"Ana kitambulisho, madam. Tutaangalia."

Kuuza aliachiwa msichana wa kazi wa nyumbani kwao. Alikuwa na sauti ndogo.

"Shikamoo, babu."

Fundi aliitikia. Alitaka kumchukia. Alijaribu asubuhi nzima. Lakini msichana alikuwa anaziweka soda moja moja, nembo zote zikitazama mbele, na kila akimaliza safu anarudi nyuma hatua moja kuitazama. Fundi akageuza uso.

Jua lilipopanda, msichana alianza kuhamisha uzito mguu huu, mguu ule. Akafunga mikono. Akafungua. Alitazama kulia na kushoto. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za neno la mtaa, lakini neno lenyewe halihitaji mwalimu.

"Babu," akasema kwa aibu, "naomba unishikie. Nakwenda msalani mara moja."

Dada Kava alisikia. Kava lililokuwa mkononi mwake likabaki hewani.

"Sheria inakataza, mwanangu," fundi akasema.

Msichana akainamisha kichwa. Akabana miguu. Fundi alisikia maneno yake mwenyewe yamebaki mdomoni, yana ladha ile ya korido ya baraza, tamu na mbaya. Akayatema pembeni.

"Nenda," akasema. "Nenda, nimeshika."

Msichana akakimbia. Fundi akaweka kiatu chini, akasogeza kigoda chake mpaka kando ya friji. Mteja akaja akataka soda baridi, akamuuzia kwa bei iliyoandikwa, hela akaziweka chini ya kitambaa cha msichana juu ya friji. Kitu kikishashikwa kimeshikwa.

Ndipo askari akatokea, yule wa buti la mshono wa mara mbili. Akasimama. Akalitazama friji, akamtazama mzee, akatafuta msichana kwa macho, hakumwona.

"Mzee, unamshikia?"

"Namshikia."

Askari akafungua friji, akachagua soda, akaifungua kwa meno. Akanywa mpaka nusu, akabeua. "Shika vizuri," akasema. "Mwenyewe akikuta imepungua, ni wewe." Akacheka, akaendelea na njia yake, soda mkononi, akiwatazama wengine kama wamebaki ndani ya mistari.

Basi. Safari hii hakukuwa na kosa. Neno lile lile, mahali pale pale, mdomo ule ule. Fundi alikaa akitazama mgongo wa yule askari mpaka ukapotea. Hakutukana. Alihisi tu kinyaa, kinyaa cha kutosha, kama mtu aliyekuwa anakula gizani na taa ikawashwa akaona sahani ina nini.

Msichana aliporudi, fundi alimwonyesha hela chini ya kitambaa. Akamwambia soda moja imechukuliwa na askari, na kama tajiri yake atamuuliza, aseme mzee wa viatu ndiye aliyeona.

"Asante, babu. Na wewe ukitaka kwenda mahali, nitakushikia."

Fundi alimtazama kidogo. "Hapo ulipo alikaa mke wangu," akasema. "Wakati wa mvua ukuta unavuja. Sogea kulia."

Kisha akaanza kufunga. Chuma, sindano, gundi, viatu vya watu akavitia kwenye gunia lililokuwa la ndimu. Kitambulisho chake akakivua shingoni, akakiweka chini katikati ya chumba chake cheupe, uso ukitazama chini. Akajitwika sanduku.

"Mzee," Dada Kava akaita. Alikuwa amesimama. "Unakwenda wapi mchana huu? Wenye viatu wakija?"

"Nyumbani wanapajua."

Dada Kava akakitazama kile chumba cheupe kitupu, akamtazama fundi. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Nikushikie?"

Fundi alikuwa ameshageuka. Alisimama, mkono mmoja kwenye sanduku, vidole vimekauka gundi.

"Usinishikie," akasema.